Nyasi Ndizo Zinazopanga Mnada

(Hotuba kwa wanafunzi wa mifugo na wanyamapori, Arusha. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa kidogo.)

Mkuu wa chuo, walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, mambo? (Kicheko) Nimeambiwa nina dakika arobaini, na jikoni kuna pilau. Nimeisikia harufu yake tangu niko getini, kwa hiyo msiwe na wasiwasi, hata mimi sitaki kuchelewa.

Nimekuja na habari za mnyama ambaye hamtakutana naye kwenye mafunzo yenu ya vitendo. Anaitwa baisani. Wamarekani wengi, hasa wazee wa mashambani, humwita kwa jina lilelile wanalomwita nyati wetu, lakini hao wawili wamefanana jina tu. Nyati wetu pembe zake zimeungana juu ya paji kama helmeti ya bodaboda. Baisani ana pembe fupi, nundu kubwa mabegani, na manyoya mazito kichwani na kifuani, utadhani amejifunika blanketi la baridi akasahau kulivua. Dume hufika kilo 900, jike kama nusu yake. Na msidanganywe na huo uzito, anakimbia kilomita 55 kwa saa. Akisimamisha mkia, wewe usisubiri kuambiwa.

Nilikaa Marekani miaka miwili nikisoma mambo ya malisho. Katika miaka hiyo nilikwenda mara mbili kwenye hifadhi ya Custer, jimbo la South Dakota. Mara ya kwanza nilikuwa mtazamaji. Mara ya pili nilipewa kalamu na ubao nikae zizini niandike namba. Ninayowaambia leo yametoka kwenye hizo safari mbili, na mengine yametoka nyumbani kwetu Longido, nitafika huko.

Kwanza historia, kwa haraka. Baisani walikuwa mamilioni, makadirio mengi yanasema kati ya 30 na 60. Katika karne ya 19 waliuawa kwa ajili ya ngozi, kwa ajili ya ulimi, kwa ajili ya kuwakalisha njaa wenyeji waliowategemea, na wakati mwingine kwa kujifurahisha tu. Mwaka 1889 mtaalamu mmoja, William Hornaday, alikusanya taarifa za bara zima akapata 1,091, pamoja na waliokuwa wamefungiwa. Hebu liwekeni hilo kando ya historia yetu. Ni miaka hiyohiyo ambapo sotoka ilishuka kutoka Pembe ya Afrika ikafyeka ng'ombe na nyati wetu mpaka wazee wakasimuliana kama habari za kiama. Kule bunduki, huku ugonjwa. Nyati wetu walirudi baada ya ng'ombe kuchanjwa, na Serengeti waliongezeka sana miaka ya 1960. Baisani ilibidi warudishwe kwa mkono, mmoja mmoja.

Katika waliowarudisha ilikuwapo familia moja ya mfanyabiashara Mkanada mwenye asili ya Ufaransa, Fred Dupree, na mkewe Good Elk Woman, wa kabila la Walakota, wenyeji wa nchi ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 walikamata ndama wachache porini wakawalea pamoja na ng'ombe. Dupree alipofariki, kundi likanunuliwa na mfugaji mwenye asili ya Uskoti, Scotty Philip. Naye akafariki mwaka 1911, na mwaka 1914 jimbo la South Dakota likanunua baisani 36 kutoka kundi lake na kuwapeleka mahali ambapo leo ndiyo hifadhi ya Custer.

Naomba mlishike hilo neno, wakanunua. Kundi hili la umma, ambalo kila mwaka watu huuliza kwa uchungu kwa nini serikali inauza wanyama wake, lenyewe lilizaliwa kwenye biashara ya wanyama hai. Mtu alifuga, akauza, umma ukapata kundi. Sisemi kwamba kuuza ni kuzuri kila wakati. Nasema tu kwamba anayeapa kuwa uhifadhi na mauzo havijawahi kulala nyumba moja, hajui historia ya nyumba yenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu. Custer ina ekari kama 71,000, na si zote za nyasi, sehemu kubwa ni misonobari na miamba. Kuna uzio kuzunguka. Mbwa mwitu walikwisha zamani. Puma wapo, lakini puma anafikiri mara mbili mbele ya mama baisani. Huko kundi huzaa ndama kama 400 kwa mwaka. Wanazaliwa kuanzia Aprili, wana rangi ya mdalasini, wazuri mpaka unatamani kumbeba mmoja. Ndama 400 kila mwaka, ndani ya uzio, bila simba, bila sotoka, bila pa kuhamia. Yeyote aliyewahi kuchunga anajua mwisho wake. Kufikia miaka ya 1940 kundi lilikuwa limepita 2,000 na ardhi ikaanza kuonyesha. Sehemu nzuri ikaliwa mpaka udongo, ile mbaya ikaachwa, magugu yakajaza nafasi.

Kwa hiyo siku hizi wanaanza na nyasi. Wataalamu wa malisho huzunguka kiangazi wakipima kilichoota. Wanakata nyasi kwenye fremu ndogo ya chuma, wanakausha, wanapima kwa mizani, kama mnavyofanya nyinyi kwenye somo ambalo wengi wenu mnalikimbia. (Kicheko) Nimesikia kicheko cha wenye hatia. Kutokana na uzito wa hizo nyasi ndipo inapatikana idadi ya baisani watakaovuka majira ya baridi. Kiangazi wanaweza kuwa 1,400 hivi, pamoja na ndama. Wa kulala na theluji ni wachache kuliko hao kwa mamia. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayokwenda mnadani. Bei haijatajwa bado na wala hakuna aliyeiuliza.

Mwaka 2017, mwezi Desemba, waya wa umeme uliangukiwa na mti, ukatokea moto walioupa jina la Legion Lake. Uliunguza zaidi ya ekari 50,000 ndani na nje ya hifadhi. Baisani wengi walipona, maana walikuwa kwenye uwanda na wanajua kusimama mahali palipoliwa pakawa peupe. Lakini fikirini, ni Desemba. Nyasi za kula mpaka majani mapya ya Mei ndizo hizo zimekuwa jivu. Laiti kundi lingekuwa limeachwa na wale mia kadhaa wa ziada kwa sababu mwaka ule watu waliwaonea huruma, ni nani angewalisha?

Tuje kwenye siku yenyewe ya kuswaga kundi zizini. Siku hizi inafanyika Ijumaa ya mwisho ya Septemba, na kuswaga kwenyewe kulianza miaka ya 1960. Mwanzoni shida ilikuwa ugonjwa wa kutupa mimba, brusela. Walihitaji kumpima kila mnyama, wamtoe mgonjwa, wachanje mzima, na huwezi kumpima baisani kwa kumwita jina. Kwa hiyo wakaanza kuwaswaga wote zizini mara moja kwa mwaka. Ugonjwa ulikwisha, kuswaga kukabaki, na sasa watu zaidi ya 20,000 huja kutazama.

Unaamka usiku, unapanga foleni ya magari gizani na chai kwenye chupa. Unakaa kilimani. Saa tatu, saa tatu na nusu, hakuna kitu, upepo tu. Watu wanaanza kula mikate yao. Halafu unasikia kabla ya kuona. Si kishindo kama wanavyosema kwenye matangazo, ni kama lori kubwa linalopanda mlima mbali sana na halifiki. Kisha mstari mweusi juu ya kilima, kisha kilima chenyewe kinatembea. Wapanda farasi kama 60 wapo nyuma na ubavuni, na magari ya wazi ya hifadhi yanafunga mapengo. Wapanda farasi wale wanaangaliwa sana, na wengine ni watu waliobahatika kuchaguliwa tu kwa mwaka huo. Kazi kubwa inafanywa na wachache wasiopiga kelele. Nilimtazama mama mmoja mtu mzima, farasi wake wa kijivu. Kundi lilipojaribu kugeuka kwenye bonde, hakukimbia mbele wala hakupunga kofia. Alisogea hatua kama kumi, akasimama pale ambapo jike la mbele lilikuwa linapataka. Jike likafikiri. Likarudi. Nyuma yake wakarudi mia kadhaa. Babu zangu wangemfahamu yule mama bila mkalimani.

Mwaka wangu wa pili sikuona kilima. Nilikuwa zizini, na zizini hakuna muziki wala bendera. Wanyama wanatolewa wachache wachache, wanapita njia nyembamba yenye kuta ndefu, mpaka kwenye kibanio cha chuma. Lango la mbele linabana shingo, kuta zinasogea mbavuni. Jike la kwanza niliyemwandikia liliingia kwa nguvu mpaka kibanio kizima kikaruka, na vumbi la kutu likaniangukia kwenye karatasi. Bwana aliyekuwa kwenye wenzo aliniambia kwa sauti ya chini kabisa nisimtazame machoni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba watu wote pale wananong'ona. Kwetu tunapochanja ng'ombe tunapiga miluzi, tunapiga mabati, watoto wanakimbia. Pale ukipaza sauti unaondolewa. Baisani anayeogopa anavunja pembe, anakanyaga mwenzake, anaweza kufa kwa joto la mwili na hofu tu.

Jike lilikaa kwenye kibanio muda mfupi tu. Damu ikachukuliwa. Daktari akavaa glovu ndefu mpaka begani, akapima mimba, akasema neno moja, "ana," nikaandika ana. Ndama wanachanjwa na kupigwa chapa. Lango likafunguliwa, na kulia kwake kulikuwa na milango mitatu ya kurudi porini, kubaki, au kuuzwa. Uamuzi ulikuwa umeshaandikwa kabla lango halijafunguliwa, kwa umri wake, mimba yake, na hesabu ya wenzake wa rika lile.

Wanatakiwa waondoke wa kila rika, kwa uwiano. Ukiuza mitamba peke yake kwa sababu ndiyo yenye soko, baada ya miaka sita una kundi la vikongwe. Ukiuza madume yote makubwa kwa sababu yanasumbua watalii, utashangaa ndama wote wana baba mmoja. Majike yanayozeeka au yasiyoshika mimba huondolewa, lakini hata hapo hawasafishi wote. Jike zee ndilo linalojua maji yako wapi mwaka wa ukame. Madume wazee wachache huwindwa kwa leseni. Na damu ile inayochukuliwa haiishii kwenye magonjwa, siku hizi inasomwa pia vinasaba. Wafugaji wa zamani, pamoja na wale waliookoa baisani, walijaribu kuwachanganya na ng'ombe. Utafiti wa mwaka 2022 uliochunguza makundi mbalimbali ulikuta chembe za ng'ombe katika yote, hata yale tuliyokuwa tunaapa ni safi. Kuna watu hilo liliwanyima usingizi. Mimi naona baisani hajali. Anayepaswa kujali ni mtunza kundi, asije akauza bila kujua ndiye aliyebeba damu adimu.

Mnada wenyewe ni Novemba. Zamani ulikuwa wa kusimama zizini kwenye baridi, sasa wanunuzi wengi wananunua kwa intaneti wakitazama video. Nitawaudhi kidogo wapenzi wa minada ya ng'ombe ya Pugu na Meserani, hauna ladha. Hakuna nyama choma, hakuna dalali wa kukushika bega, hakuna mtu wa kukuapia kwa kaburi la mama yake kwamba huyu ng'ombe hajawahi kuumwa. (Kicheko) Wanauza kwa mafungu ya mitamba wenye mimba, ndama majike, madume wa miaka miwili, na kila fungu lina karatasi zake za afya. Wanunuzi ni wafugaji wanaotaka mbegu. Wanalipa zaidi kwa sababu ya zile karatasi, yaani miaka sitini ya kupima damu ndiyo wanayoinunua. Fedha inarudi kwenye uendeshaji wa hifadhi, uzio, barabara, mishahara.

Na hapa ndipo pana mtego. Fedha ikishaingia kwenye bajeti, bajeti inaizoea. Mwaka ujao mhasibu anaandika makisio, na makisio yanataka baisani wangapi wauzwe. Hapo nyasi hazipangi tena mnada, mnada unapanga nyasi. Kinyume chake pia kipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya baisani ilianguka vibaya, wafugaji wengi binafsi wakaachana nao. Mwaka kama huo kishawishi ni kusema tusubiri bei ipande. Lakini theluji haisubiri bei. Unauza idadi ileile iliyosemwa na mizani ya nyasi, kwa bei ya aibu, na unarudi nyumbani. Huo ndio ugumu wa kazi, na mtu wa kuufanya lazima awe na sheria inayomlinda dhidi ya wakubwa wake.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanikaa kooni. Mwaka 2009 ukame ulitupiga Longido, Monduli, Simanjiro, wengine mlikuwa wadogo. Mzee wangu alikuwa na ng'ombe 84. Machi mvua haikuja. Mjomba alimwambia, kaka, peleka ishirini mnadani sasa hivi. Mzee akasema bei ni mbaya, na ng'ombe hawa ni wa baba yangu. Juni akapeleka kumi, bei ikawa mbaya zaidi. Septemba ng'ombe dume alikuwa anauzwa kwa bei ya mbuzi, na anayenunua anakuuliza kama atafika machinjioni akiwa hai. Tulibaki na 11. Mimi ndiye niliyechuna ngozi za wale ambao hawakuweza tena kusimama. Aliacha kuuza mapema kwa sababu aliwapenda, wala simlaumu. Nilipokuwa zizini Custer nikiandika "kuuzwa, kuuzwa, kubaki," nilikuwa naona sura zao.

Nimesikia minong'ono kule nyuma. Najua mnataka kuniuliza habari ya twiga. (Kicheko, makofi) Ndiyo, mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walipanda ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa magendo wakaenda Qatar, na mwaka 2016 serikali ikafunga kabisa usafirishaji wa wanyamapori hai. Neno "kuuza wanyama hai" hapa kwetu lina kidonda, na kidonda ni halali. Kule Custer mnada unatangazwa miezi kabla, idadi inajulikana, bei ya kila fungu inasomwa na yeyote. Yule twiga hakuwa na karatasi wala mnada. Aliibiwa.

Wala kuuza si njia pekee hata huko kwao. Wichita Mountains, Oklahoma, ambako mwaka 1907 walipelekwa baisani 15 kwa treni kutoka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wanabaki na kundi la kama 650 na ziada huuza. Antelope Island, kisiwa cha ziwa la chumvi Utah, kundi lilianza na 12 mwaka 1893, nao huswaga na kuuza kila vuli. Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone hawawezi kuuza wakiwa hai, brusela bado ipo, kwa hiyo wanaotoka nje ya mpaka wakati wa baridi huwindwa, hupelekwa machinjioni, au wakae karantini miaka mpaka wathibitike ni wazima, ndipo wapelekwe kwa makabila ya wenyeji wa Fort Peck, Montana. Jiji la Denver lilikuwa likipiga mnada baisani wake wa ziada, na mwaka 2021 likaacha. Sasa linawapa makabila ya wenyeji bure.

Uamuzi wa Denver ndio uliofanya nisilale vizuri baada ya kurudi. Maana tunasema kundi la umma. Umma upi? Hifadhi ya Custer imepewa jina la mwanajeshi aliyeongoza msafara wa kijeshi kwenye milima ya Black Hills, iliko hifadhi yenyewe, mwaka 1874, na milima yenyewe ilikuwa ya Walakota kwa mkataba wa mwaka 1868. Walinyang'anywa mwaka 1877. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ilikubali kwamba wanastahili kulipwa, zaidi ya dola milioni 100. Mpaka leo wamekataa kuzichukua. Wanasema milima haikuwa ya kuuzwa. Pale Rapid City, mwendo wa saa moja hivi kutoka kwenye lile zizi, yapo makao ya baraza la makabila kwa ajili ya baisani, lililoundwa 1992, na kazi yao ni kurudisha wanyama kwenye ardhi za wenyeji. Wao wakimtaka mtamba wa Custer, wapande dau pamoja na mfugaji tajiri wa Texas? Niliuliza swali hilo mle zizini, kwa upole. Bwana wa wenzo alinyamaza kidogo, akasema yeye kazi yake ni lango.

Mimi hesabu ya malisho ninaitetea mbele ya yeyote. Nani apewe wanyama wa mlango wa tatu, ule wa kuuzwa, hilo mizani ya nyasi hailijibu, na hifadhi ikijifanya kwamba inalijibu, inadanganya.

Jioni ile nilimpigia mzee simu. Kwao kulikuwa karibu kunapambazuka, yeye huamka mapema. Nikamweleza yote, farasi, kibanio, chapa, mimba. Akauliza maziwa yao yakoje. Nikamwambia hawakamuliwi. Akaguna. Akauliza wangapi wanabaki, nikamwambia. Akauliza nyasi walizoacha zitawafikisha mpaka lini.

"Mpaka Mei, baba, majani mapya yatakapoota."

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Zetu," akasema, "ziliisha Agosti."